Takhmisi ya Dijei: Ali Shaheed Muhammad na Muziki wa Runinga

Mwenye kukijua Kiswahili akiitazama tamthilia ya Kimarekani ya Luke Cage hadi pale majina ya watendakazi yanapopanda kwenye kioo, atakutana na majina mawili ya kumsimamisha. La kwanza ni la muasisi wa tamthilia yenyewe, Cheo Hodari Coker. Cheo na hodari ni maneno yetu, hayahitaji kamusi. La pili ni la mmoja wa watunzi wawili wa muziki wake, Ali Shaheed Muhammad. Neno hilo la katikati ni la Kiarabu, nasi tumelilainisha likawa shahidi, tukalipa kazi mbili: aliyeliona tukio akalisimulia, na aliyekufa kwa ajili ya imani yake.

Hilo la kwanza lisitushangaze sana. Mwaka 1966 Maulana Karenga alianzisha sikukuu ya Kwanzaa huko Marekani, akaipa misingi saba yenye majina ya Kiswahili, kuanzia umoja hadi imani, na katika miaka iliyofuata familia nyingi za Wamarekani Weusi zilichota kwetu majina ya watoto wao. Lugha yetu ilikwisha kufika huko kabla ya sinema hii. Leo, washairi wenzangu na wapenzi wa lugha, nataka kuzungumza juu ya jina la pili. Nina swali la ushairi ambalo maisha ya mtu huyu yamenisaidia kulijibu: mtu afanyaye kazi kwa sauti za wenzake, je, naye ni mtunzi?

Ali Shaheed Muhammad alizaliwa Brooklyn, New York, mwaka 1970. Alijulikana ulimwenguni akiwa dijei wa kundi la A Tribe Called Quest, pamoja na Q-Tip, Phife Dawg na Jarobi White. Albamu yao ya kwanza ilitoka mwaka 1990, ya pili, The Low End Theory, mwaka 1991, na ya tatu, Midnight Marauders, mwaka 1993. Katika kundi hilo wenzake walighani, naye alisimama nyuma ya meza yenye santuri mbili. Watu walizikariri sauti za Q-Tip na Phife. Yake hawakuifahamu, kwa kuwa alizungumza kwa mikono.

Kazi hiyo ya mikono ina historia yake. Tarehe 11 Agosti 1973, katika jengo namba 1520 la barabara ya Sedgwick huko Bronx, kijana mzaliwa wa Jamaika aliyejiita DJ Kool Herc alipiga muziki katika sherehe iliyoandaliwa na dada yake, Cindy Campbell. Herc alikuwa ameng'amua kwamba wachezaji hupandwa na mori zaidi pale waimbaji wanaponyamaza na ngoma kubaki peke yake. Kipande hicho huwa kifupi, pengine sekunde chache tu. Akawa anachukua nakala mbili za santuri moja. Ya kwanza ikimaliza kipande hicho, ya pili inakianza upya, huku akiirudisha ile ya kwanza nyuma. Sekunde chache zikageuka dakika nzima. Hakuongeza hata noti moja iliyo yake. Alichagua, akakata, akarudia. Mshairi anayejua kazi ya kibwagizo hawezi kuidharau hekima hiyo.

Baadaye zikaja mashine za kunasa vipande vya santuri, na mchezo wa mikono ukawa utunzi wa studio. Watayarishaji walichovya besi hapa, tarumbeta pale, pigo la ngoma kwingine, na kama ilivyosemwa, mchovya asali hachovyi mara moja. Wimbo wa Tribe uitwao "Can I Kick It?" umejengwa juu ya besi ya wimbo wa Lou Reed, "Walk on the Wild Side". Phife aliwahi kusimulia kwamba Reed aliruhusu kipande kile kitumike kwa sharti kwamba fedha zote za wimbo ziwe zake. Lakini aliyeipiga besi ile kwa vidole vyake hakuwa Reed. Alikuwa Herbie Flowers, mpigaji wa kukodiwa wa huko Uingereza. Basi tuulize: besi ile ni ya nani? Ya aliyeipiga, ya mwenye wimbo, au ya vijana wa Queens walioisikia tena baada ya miaka mingi na kuipa maisha mapya?

Mahakama ilijibu kwa ukali. Mwezi Desemba 1991, katika kesi iliyomhusu mghani Biz Markie, jaji wa New York aliufungua uamuzi wake kwa amri ya Musa ya kukataza wizi. Tangu hapo kila kipande kilihitaji kibali, na vibali vikawa ghali. Sheria ilikuwa imempa dijei jina, na jina lenyewe ni mwizi.

Nalitaja neno hilo kwa uzito kwa sababu nimelisikia likitamkwa karibu na nyumbani. Katika baraza zetu za ushairi wapo wanaoamini kwamba utungo halali ni ule tu uliotoka mtupu kifuani mwa mtu mmoja. Wengine hufika mbali wakasema kwamba dijei hana tofauti na mtoto anayenakili daftari la mwenzake. Nami huwauliza: na takhmisi je?

Takhmisi, kama wengi wenu mjuavyo, ni utunzi wa kuchukua beti za mshairi mwingine na kuziongezea mistari hadi kila ubeti uwe na mistari mitano. Mfano uliotukuka ni Takhmisi ya Liyongo, inayonasibishwa na Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, mtunzi yuleyule wa Al-Inkishafi. Alichukua maneno ya shujaa Liyongo, akayatungia mistari mitatu katika kila ubeti. Hakuna aliyemwita mwizi. Kinyume chake, tumemhesabu kuwa miongoni mwa mabingwa, na pengine maneno mengi ya Liyongo yametufikia kwa sababu mtu wa baadaye aliyabeba.

Hata hivyo, takhmisi ina adabu zake, na adabu hizo ndizo zinazoitenga na wizi. Kwanza, mwenye maneno hutajwa. Pili, vina vya mistari mipya hutawaliwa na mstari wa kwanza wa mwenyewe. Mgeni hafiki na vina vyake mfukoni. Tatu, na hili ndilo linalonigusa zaidi, anayeongeza ndiye anayetangulia. Mistari yake mitatu huja mwanzo, na mistari ya mwenyewe huja mwisho. Kazi ya mgeni ni kutengeneza njia ili neno la zamani, likifika, lisikike kana kwamba ndiyo kwanza linatamkwa. Anazungumza zaidi, lakini neno la mwisho si lake. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Kwangu mimi jambo hili liliacha kuwa nadharia pale alipofariki mzee aliyenifundisha mizani. Aliacha daftari lenye beti kumi na saba za mistari miwili miwili, kwa hati ya kalamu ya wino. Baada ya arubaini binti yake aliniletea daftari hilo akaniambia, "Kaka, baba alikuwa akikutaja kila alipoandika humu. Mtilie takhmisi, tusome siku ya hitima ya mwaka." Nilimjibu, "Dada, hayo ni maneno ya mwalimu wangu. Nitayaongezea nini?" Akasema, "Hutayaongezea. Utayapokea." Nilikaa na daftari hilo miezi kadhaa bila kuandika mstari mmoja. Katika miezi hiyo ndipo nilipoanza kusikiliza kwa makini kazi ambayo Ali Shaheed Muhammad aliifanya kwa ajili ya runinga.

Njia yake ya kufika huko haikuwa ya ghafla. Mwaka 1995 alishirikiana na D'Angelo kuutunga na kuutayarisha wimbo "Brown Sugar". Mwaka uliofuata yeye, Q-Tip na mtayarishaji J Dilla walikuwa wakitia saini ya pamoja kazi zao: The Ummah. Neno hilo pia tunalo, ni umma. Msikilizaji hakuambiwa mkono wa nani umegusa wapi, na saini ilikuwa ya wote. Mwaka 2000 alitoa albamu akiwa na kundi la Lucy Pearl, pamoja na Raphael Saadiq na Dawn Robinson. Kisha akakutana na Adrian Younge wa Los Angeles, mtu aliyesomea sheria, akajifundisha ala mwenyewe, akatunga muziki wa filamu ya Black Dynamite ya mwaka 2009, na ambaye hupenda kurekodi kwa kanda za sumaku kama zamani. Mwaka 2014 Younge alipotayarisha albamu ya Souls of Mischief iitwayo There Is Only Now, Ali alishiriki akiwa msimulizi. Hao wawili ndio waliokabidhiwa muziki wa Luke Cage.

Tamthilia hiyo ilitoka tarehe 30 Septemba 2016 ikiwa na sehemu 13. Coker alikuwa mwandishi wa habari za muziki kabla ya kuandikia runinga, na masikio yake yanaonekana hata kwenye anwani: kila sehemu ya msimu wa kwanza ina jina la wimbo wa kundi la Gang Starr, na kila sehemu ya msimu wa pili ina jina la wimbo wa Pete Rock na CL Smooth. Kisa kinatendeka Harlem, na shujaa wake ni mtu Mweusi ambaye risasi hazipenyi ngozi yake.

Mwaka huohuo ulikuwa na uchungu wake. Tarehe 22 Machi 2016 Phife Dawg alifariki kwa maradhi ya kisukari, akiwa na umri wa miaka 45. Kabla ya hapo kundi lilikuwa limerudi studio, na albamu yao ya mwisho ilitoka mwezi Novemba mwaka huo. Ali, aliyekuwa dijei wao tangu mwanzo, hakuwa miongoni mwa walioitayarisha. Alikuwa amejifunga na kazi ya runinga. Mwimbaji mashuhuri anapoomboleza, huimba. Huyu aliupitisha mwaka ule akitunga muziki wa kukaa chini ya maneno ya waigizaji.

Yafaa nieleze kazi hiyo inavyokwenda, maana wengi hudhani muziki wa runinga hupachikwa tu kama picha ukutani. Picha ikishakatwa na kukubaliwa, watunzi huketi na wasimamizi wakaitazama yote, na kila mara huuliza maswali mawili: muziki uingie wapi, na utoke wapi? Hilo la pili ndilo gumu zaidi. Kila kipande hupewa muda wake kamili. Picha za aina hii huenda kwa fremu 24 hivi kwa sekunde. Mdundo wa mapigo 90 kwa dakika, ambao ni mwendo wa kawaida wa hip hop ya enzi ile, humpa kila pigo fremu 16. Mlango ukifungwa fremu tatu kabla ya pigo, mtunzi ana hiari ya kuubadili mwendo kidogo, kulihamisha pigo, au kunyamaza.

Kwa mshairi, hesabu hii ina utamu wake. Mghani wa hip hop kwa kawaida hutunga ubeti wa vipimo 16, na kila kipimo kina mapigo manne. Jumla mapigo 64. Shairi letu la tarbia lenye mistari minne ya mizani 16 lina mizani 64. Sidai undugu wa damu, kwa kuwa pigo si silabi. Nadai tu kwamba aliyelelewa katika chumba chenye ukubwa huo, awe wa Tanga au wa Brooklyn, hujifunza jambo moja: nafasi haiongezwi, hivyo kila kitu kinachoingia lazima kistahili. Dijei aliyezoea kukata santuri kwa sehemu ya sekunde hakuwa mgeni mbele ya fremu.

Lipo pia jambo la sauti. Katika tamthilia mfalme ni neno linalosemwa. Sauti ya mwanadamu hukaa katikati ya kipimo cha sauti, si chini kabisa wala juu kabisa. Muziki ukijaa hapo katikati, mtazamaji hasikii kinachosemwa, na fundi wa kuchanganya sauti ataushusha hadi usisikike. Mtunzi mwerevu huacha pengo pale ambapo mwigizaji atazungumza. Sasa kumbukeni anwani ya albamu ya mwaka 1991, The Low End Theory: nadharia ya upande wa chini, upande wa besi. Katika albamu hiyo mpigaji mkuu wa jazi, Ron Carter, alialikwa kupiga besi yake kubwa. Tangu ujana wake Ali alijenga nyumba chini ya sauti za wenzake. Q-Tip na Phife walikaa katikati, naye akakaa chini, akiwashikilia. Alipokwenda kwenye runinga, waliokaa katikati walikuwa waigizaji. Makao yake hayakubadilika.

Kilichobadilika ni chimbuko la sauti. Badala ya kuchovya santuri za wengine, yeye na Younge walitunga upya: besi, ngoma, kinanda, na okestra iliyoandikiwa noti. Ukisikiliza, utadhani baadhi ya vipande vimetolewa katika santuri ya miaka ya 1970 iliyosahaulika kabatini. Havikutolewa popote. Mtu aliyesikiliza kwa miaka mingi vipande vizuri vya wenzake amefikia hatua ya kutunga vipande ambavyo vijana wa kesho watatamani kuvichovya. Huo ndio mwendo wa mwanafunzi yeyote wa ushairi. Hukariri, huiga, hujibu, hutilia takhmisi, na siku moja mkono wake hutoa mstari ambao mwingine ataufanyia takhmisi.

Ndani ya kisa kuna klabu iitwayo Harlem's Paradise, na humo wanamuziki halisi hupanda jukwaani. Raphael Saadiq, yule mwenzake wa Lucy Pearl, ni mmoja wao. Method Man wa Wu-Tang Clan naye hughani wimbo "Bulletproof Love", ambao yeye, Ali na Younge waliutunga kwa ajili ya tamthilia. Wimbo huo huanza, kisha picha zikaonyesha wakazi wa Harlem wakitembea mitaani wamevaa nguo zenye matundu ya risasi ili kumficha shujaa wao asikamatwe. Hapo muziki unatangulia, na matendo ya watu wa kawaida yanakuwa neno la mwisho.

Runinga ina adabu nyingine inayofanana na ile ya kwanza ya takhmisi. Kila kipande cha muziki kilichotumika, hata kiwe cha sekunde kumi, huandikwa katika karatasi maalumu: jina lake, muda wake, waliokitunga, na namna kilivyotumika. Karatasi hiyo hupelekwa kwa vyama vya haki za watunzi, na malipo hufuata. Herbie Flowers alipiga besi iliyozunguka dunia huku jina lake likijulikana na wachache. Katika karatasi ile mtunzi wa sekunde kumi ana mstari wake. Ni kweli kwamba mtazamaji haioni karatasi hiyo, na kwamba siku hizi programu za kutazamia huyafinya majina ya mwishoni zikarukia sehemu inayofuata. Lakini kutajwa hakuhitaji makofi. Shahidi huandikwa katika hati hata kama mahakama imejaa watu wanaomtazama mshitakiwa.

Tamthilia ilifutwa mwezi Oktoba 2018, baada ya misimu miwili. Miezi michache kabla ya hapo Ali na Younge walikuwa wametoa albamu yao kwa jina la The Midnight Hour, na baadaye wakawaita studio wakongwe wa jazi ili kurekodi nao nyimbo mpya chini ya lebo waliyoiita Jazz Is Dead. Zamani Ali aliwachukua wazee kwa mashine ya kunasa. Sasa anawavutia kiti na kuwasikiliza wakiwa hai.

Kwa mwanga huo nililifungua tena daftari la mwalimu wangu. Nilianza na swali la chumba kile cha watunzi: niingie wapi, nitoke wapi? Nilisoma kila jozi ya mistari kwa sauti, nikatafuta mahali ambapo sauti yake inakaa, kisha nikakaa chini yake. Pale alipotumia neno zito, nilitumia mepesi. Pale alipouliza, sikujibu. Nilitayarisha swali liume zaidi. Vina nilivichukua kwake, kama inavyopasa.

Beti kumi na sita nilizitimiza. Ya kumi na saba, ambayo humo anamuaga mkewe aliyemtangulia, niliiacha na mistari yake miwili tu, na juu yake nikaacha nafasi ya mistari mitatu isiyoandikwa. Mmoja wa jamaa aliponiuliza siku ya hitima kama nimesahau, binti yake alimjibu kabla yangu: "Hapo baba anasema peke yake."

Daftari sasa limepigwa chapa nakala chache kwa ajili ya familia. Kwenye jalada jina la mzee liko juu kwa herufi kubwa; langu liko chini kwa herufi ndogo, likitanguliwa na neno moja, takhmisi. Kwa wale wa barazani wanaouliza kama dijei ni mtunzi, hilo ndilo jibu langu. Ni mtunzi akimtaja mwenye neno, akifuata vina vyake, na akijua pa kunyamaza.